Adui ni Fumbo, si Ukuta

Wapo wasemao kwamba mchezo ni mapumziko, na kwamba mtu aliyechoshwa na kazi za mchana hana haja ya kwenda kusumbuliwa usiku na adui wa kwenye kioo. Kwa watu hao, adui wa michezo ya video ni kama chumvi ya mchuzi: kidogo yatosha, ikizidi chakula hakiliki. Wapo na wengine, mahasimu wa hao wa kwanza, wasemao kwamba utamu wote wa mchezo umo katika mateso yake. Kwamba adui amuuaye mchezaji mara hamsini ndiye adui wa kweli, na asiyemuweza na aiweke pedi chini, akacheze kombolela na watoto wenziwe.

Kambi mbili hizi zimerushiana maneno kwa miaka mingi, na mwaka 2019 ziligombana kwa ukali zaidi, ulipotoka mchezo wa Kijapani uitwao Sekiro: Shadows Die Twice, wa kampuni ya FromSoftware, ambao haukumpa mchezaji ngazi ya wepesi ya kuchagua. Upande mmoja ulidai ngazi hiyo iwekwe. Upande wa pili ukayaona madai hayo kuwa ni kufuru. Makelele yakawa mengi, na ndani ya makelele jambo lenyewe likazama. Pande zote mbili zilibishania kiasi, yaani adui awe mgumu kwa kadiri gani, kana kwamba ugumu ni mchele wa kupimwa kwa pishi, wa kuongezwa na kupunguzwa. Wachache mno waliuliza ugumu wenyewe ni wa namna gani.

Na swali hilo ndilo lenye kustahiki kuulizwa. Adui aweza kuwa mgumu akapendeza, na aweza kuwa mgumu akachusha. Aweza kuwa mwepesi akafurahisha kwa dakika tano, na aweza kuwa mwepesi akawa tusi. Kitu kimoja ndicho kiwatenganishacho maadui hao: mmoja anasomeka, mwingine hasomeki. Adui asomekaye ni fumbo. Adui asiyesomeka ni ukuta, na ukuta hauna la kumfunza mtu ila kuumia kichwa.

Mpenzi wa ushairi wa pwani hahitaji kufunzwa jambo hili, kwani amelilea tangu utotoni. Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Malenga anapofumba haufungi mlango na kuitupa funguo baharini. Huiacha funguo ndani ya ubeti, katika neno lenye maana mbili, au katika taswira iliyowekwa mahali ambapo haikutarajiwa. Msikilizaji hukosa mara ya kwanza, hurudi, huligeuza neno, kisha ghafla hucheka peke yake. Kicheko kile ndicho malipo. Lau fumbo lingekuwa halina jawabu, msikilizaji angekwenda zake, na angekuwa na haki. Lau jawabu lingekuwa limetangazwa katika kibwagizo, angekwenda zake vilevile.

Tena ushairi huu umekua kwa kuwa na hasimu. Mwanzoni mwa karne ya 19, katika siku za vita vya Shela viitwavyo pia vita vya Kuduhu, Lamu na Mombasa zilipigana kwa beti kama zilivyopigana kwa silaha, na jina la Muyaka bin Haji wa Mombasa halitengani na kujibizana. Ada ya majibizano inajulikana: mwenye kujibu hufuata bahari ya aliyeanza, na mara nyingi hufuata hata vina vyake. Maana yake ni kwamba mpinzani ndiye achoraye uwanja. Ubeti dhaifu hauzai jibu zuri. Malenga aliyepigwa kwa ubeti wa nguvu hulala akiwaza, na asubuhi huamka na shairi ambalo asingelitunga kamwe kama angeachwa kwa amani.

Sasa na itazamwe michezo ya video kwa jicho hilo hilo.

Mwaka 1980 kampuni ya Namco ya Japani ilitoa Pac-Man, mchezo wa duara la manjano lenye kula vidoto ndani ya njia za kupotezana huku likifukuzwa na vizuka vinne. Mtazamaji wa haraka huona vizuka vinavyofanana, tofauti yao rangi tu. Mchezaji aliyekaa navyo hujua kwamba kila kimoja kina tabia yake. Chekundu humfuata mchezaji moja kwa moja. Cha waridi hakimlengi alipo, hulenga mahali palipo mbele yake, ili kimzibie njia. Cha buluu hupiga hesabu kwa kumtazama mchezaji pamoja na kizuka chekundu, ndiyo maana mwendo wake huonekana wa kubahatisha. Cha chungwa humkimbilia mchezaji akiwa mbali, na akikaribiwa hugeuka kikarudi pembeni kwake. Mbunifu wake, Toru Iwatani, alitaka vizuka vitofautiane namna hiyo ili visije vikajipanga nyuma ya mchezaji kama mkia, na mchezo ukawa ni mbio tupu. Kwa vizuka vinne na sheria chache alimpa mchezaji kitu cha kusoma. Zaidi ya miaka 40 imepita, na vizuka hivyo bado vinasomwa.

Miaka miwili kabla yake, mwaka 1978, Tomohiro Nishikado wa kampuni ya Taito alitengeneza Space Invaders. Wavamizi 55 hushuka kutoka juu, safu tano za kumi na moja kumi na moja. Mashine ya siku hizo ilikuwa dhaifu, na kuwachora wote kwa pamoja kuliilemea; kila walipopungua mzigo ulipungua, na waliobaki wakaenda kasi zaidi. Nishikado aliona jambo hilo akaliacha lilivyo. Hivyo udhaifu wa chombo ukageuka kanuni: mchezaji akaribiapo ushindi ndipo adui achachamaapo, hata yule wa mwisho kabisa hupita kama mshale. Hakuna aliyemwandikia mchezaji kanuni hiyo. Huisikia moyoni kabla hajaielewa kichwani, na akishaielewa huanza kuchagua ni nani amuue mwanzo na ni nani amwache.

Mfano wa tatu ni mchezo wa ngumi wa Nintendo uitwao Punch-Out!!, wa mwaka 1987. Mpiganaji wa mchezaji ni kijana mdogo wa umbo, na wapinzani wake ni mijitu. Kwa nguvu hawawezi. Lakini kila jitu lina ishara yake kabla ya kurusha ngumi. Limo jitu nene liitwalo King Hippo, ambalo kulipiga ni kazi bure mpaka pale linapoachama kinywa; likipigwa kinywani, suruali yake huteremka, na hapo tumbo huwa wazi. Mtoto anayecheza mchezo huo hujifunza jambo ambalo wazee wa pwani wamelisema kwa methali nyingi: mwenye nguvu hushindwa na mwenye kutazama.

Ieleweke basi kwamba adui wa mchezo ni kiumbe wa namna ya pekee. Anaumbwa ili ashindwe. Mashine ingetaka kushinda, ingeshinda. Mwaka 1997 kompyuta ya IBM iliyoitwa Deep Blue ilimshinda Garry Kasparov, bingwa wa dunia wa sataranji; mwaka 2016 programu ya AlphaGo ilimshinda Lee Sedol katika mchezo wa go. Hapana mchezaji wa kawaida awezaye kusimama mbele ya mashine iliyoachiwa ishinde kadiri ya uwezo wake. Kumtengeneza adui asiyeshindika ni kazi nyepesi kwa mtunga programu: mpe shabaha isiyokosa na mikono isiyochelewa, basi, kazi imekwisha. Kazi ngumu ni kumtengeneza adui anayejua kushindwa kwa heshima, baada ya kumlazimisha mshindi wake awe mtu mwingine kidogo kuliko alivyokuwa alipoketi.

Kwa kipimo hicho, wanaojigamba kwa ugumu wanasifu kitu wasichokijua. Husema Sekiro ni tamu kwa kuwa haina huruma. Si kweli. Sekiro imejaa huruma, ila ni huruma ya mwalimu. Adui akikusudia pigo lisilozuilika kwa upanga, alama nyekundu ya maandishi ya Kijapani hutokeza ikimwonya mchezaji. Milio ya panga hutofautiana, na sikio hujua lini kinga imefanikiwa na lini imeponea chupuchupu. Genichiro Ashina, mpiganaji wa juu ya ngome, huua wengi, lakini kila anapoua huwa ameonesha alivyoua. Mchezaji akirudi kwake mara ya ishirini hakutani na jambo lile lile. Hukutana na ubeti ambao sasa ameanza kuuelewa. Utamu uko hapo, katika kuelewa. Vifo ni nauli tu, na hapana msafiri mwenye akili asifuye nauli.

Na uko ugumu wa namna nyingine, wa bei rahisi, ambao umeenea kuliko huu. Mtengenezaji huambiwa adui ni mwepesi, naye huchukua kalamu akamwongezea uhai mara tatu na pigo mara mbili. Adui habadiliki tabia, hasemi jipya, haoni wala hasikii zaidi. Anachelewa kufa, basi. Mfano unaokumbukwa ni The Elder Scrolls IV: Oblivion wa mwaka 2006, mchezo mkubwa na wenye mengi ya kusifiwa, ambamo maadui wengi walipandishwa nguvu kadiri mchezaji mwenyewe alivyopanda. Matokeo yake yalikuwa kichekesho: mchezaji aliyehangaika mpaka akawa shujaa wa nchi nzima hukutana njiani na wanyang'anyi waliovaa deraya za thamani ya kasri, wakimdai vijisarafu. Kukua kwake kukawa hakuna maana, kwa kuwa dunia nzima ilikua naye. Aliyepanda mlima na mlima ukapanda pia hajafika popote.

Hapa wapo watakaotoa ushahidi, na ushahidi wao si wa kudharauliwa. Wabunifu wa Halo: Combat Evolved, mchezo wa kampuni ya Bungie uliotoka mwaka 2001, walieleza mwaka uliofuata kwamba katika majaribio yao wachezaji waliopambana na maadui wenye uhai mwingi zaidi waliwaona maadui hao kuwa na akili zaidi, ingawa akili yenyewe haikuguswa. Je, si dalili kwamba kuongeza uhai kunatosha?

La, haitoshi, na sababu iko ndani ya mchezo huo huo. Maadui wa Halo walikuwa na la kuonesha. Vijeshi vyao vidogo hupiga mayowe na kutimua mbio vimwonapo kiongozi wao ameanguka; wakubwa wao hujibanza nyuma ya mawe na kuruka pembeni bomu linapotupwa. Adui anayekufa kwa risasi ya kwanza hana nafasi ya kuyafanya hayo, kama vile malenga aliyekatizwa katika mshororo wa kwanza asivyoweza kusema alichokusudia. Uhai zaidi uliwapa nafasi ya kusema. Shairi linahitaji mizani ya kulitosha. Lakini mtu asiye na neno, akipewa beti mia, atajaza beti mia za upepo, na msikilizaji ataomba mwisho ufike.

Ubora wa adui kusema umethibitishwa kwa njia ya ajabu zaidi na mchezo wa F.E.A.R. wa mwaka 2005. Askari wake wanasifiwa hadi leo kuwa ni miongoni mwa maadui werevu kuliko wote. Jeff Orkin, aliyeiongoza kazi ya kuijenga akili yao, aliieleza kazi hiyo waziwazi mwaka 2006. Kila askari alikuwa na uwezo wa kupanga hatua zake mwenyewe ili afikie lengo, na hilo ni jambo la ufundi mkubwa. Juu yake waliongezewa mazungumzo: huitana, huelezana mchezaji alipo, huomba msaada, hulaani mwenzao akianguka. Mazungumzo hayo yalimfanya mchezaji asikie fikra za adui na kuzijibu. Akili ambayo haionekani, mbele ya mchezaji ni sawa na bahati mbaya. Akili isikikayo ni mshindani.

Imebaki kambi ya wapenda wepesi, na kwao nako kuna la kusemwa. Dawa wanayoipenda zaidi ni ile ya siri. Katika Resident Evil 4 ya mwaka 2005, mchezo huwatazama wachezaji kimyakimya: anayekufa sana hupunguziwa maadui na makali yao, anayefanya vizuri huongezewa, bila ya yeyote kuambiwa. Mchezo huo ulipendwa, na ulistahiki kupendwa kwa mengi. Hata hivyo, rehema ya siri ina madhara yake. Mchezaji akishinda, hajui kama ameshinda yeye au ameshindiwa.

Kwenye baraza za pwani jambo hili lina mfano wake. Mzee bingwa wa bao hucheza na mjukuu. Bao ni mchezo wa hesabu iliyo wazi, mashimo 32 na kete 64, na mzee akitaka ataliondoa bao la mtoto kwa mitaji michache. Akiwa ni mzee mwenye hekima, atasema mbele ya watu wote: leo nitakuachia hivi, na tuone. Mtoto akishinda kwa masharti hayo amejua kiasi cha ushindi wake, na amejua umbali uliobaki. Akiwa ni mzee wa kutaka kupendwa tu, atakosea makusudi, na mtoto ataondoka akijidhania bingwa, mpaka siku atakapokaa na mgeni asiye babu yake. Huruma ya kwanza humkuza mtoto. Ya pili humdanganya.

Kwa hiyo mchezo wa Celeste wa mwaka 2018, wa kupanda mlima wenye miiba na mashimo, ulipata njia iliyo bora. Umeweka masharti ya msaada waziwazi: mchezaji aweza kupunguza mwendo wa mchezo, kuongeza nguvu za kuruka, hata kuzuia kifo kabisa, huku akielezwa mlima ulitengenezwa upandwe vipi. Mwaka 2020, The Last of Us Part II ilikuja na masharti zaidi ya 60 ya kuwasaidia wachezaji wasioona vizuri, wasiosikia, au wenye mikono isiyotii upesi. Adui hakuondolewa ufumbo wake kwa masharti hayo. Aliyekuwa hawezi kuusikia ubeti amesomewa kwa sauti ya juu zaidi. Ubeti ni ule ule. Wanaosema kwamba kufanya hivyo ni kuuvunjia mchezo heshima waseme pia kwamba kumshika mkono mzee akipanda ngazi ya msikiti ni kuivunjia ngazi heshima.

Na wenye kujenga uzio wa ugumu ili wengine wabaki nje wakumbushwe kwamba michezo wanayoisujudia haikujengwa kwa nia hiyo. Hidetaka Miyazaki, aliyeongoza Demon's Souls ya mwaka 2009 na Dark Souls ya mwaka 2011, amewahi kueleza kwamba wazo la wachezaji kusaidiana bila ya kujuana lilimjia katika theluji, magari yalipokwama mlimani na watu wasiojuana wakawa wanasukumana mpaka juu. Mwaka 2022, katika Elden Ring ya kampuni hiyo hiyo, maelfu walikwama kwa Malenia, mwanamke wa upanga ambaye kila pigo lake likimpata mtu humrudishia yeye uhai. Akatokea mchezaji mmoja aliyevaa chungu kichwani na karibu kuwa uchi mwili mzima, akaitika wito wa wageni usiku baada ya usiku, akimuua Malenia kwa niaba yao mbele ya macho yao. Alipotimiza mapambano elfu moja wachapishaji wa mchezo walimpelekea upanga wa chuma. Ulimwengu wa wachezaji ulimpenda kwa sababu aliugeuza ujuzi wake kuwa daraja. Ugumu wa Malenia ndio uliozaa ukarimu huo. Mbele ya adui mwepesi hapana amhitajie mwenzake.

Hadi hapa ugomvi ni wa watu wapendao kitu kimoja kwa njia mbili. Lakini yuko adui wa tatu, ambaye kambi zote mbili zingepaswa kuungana kumpiga, naye ni adui dalali. Huyu hakuwekwa njiani ili asomwe. Amewekwa ili atoze. Anaonekana zaidi katika michezo ya simu iliyoandikwa kwamba ni ya bure. Mchezaji huanza kwa ushindi mwepesi, siku mbili tatu, mpaka moyo wake umezama. Kisha adui hupanda ghafla, si kwa werevu bali kwa tarakimu, na pembeni ya kioo hutokeza kisanduku kinachong'aa: nguvu zinauzwa. Adui huyo hana ishara ya kusomwa wala tabia ya kuzoelewa. Jawabu la fumbo lake ni pesa.

Mtu aweza kusema kwamba haya ni ya zamani, kwamba hata mashine za mwanzo zilikula sarafu. Ni kweli, na hazikuwa na usafi wa malaika. Katika Gauntlet ya mwaka 1985 uhai wa mchezaji hupungua kadiri muda unavyopita, na kila sarafu humwongezea uhai. Hapo tayari dalali alikuwa amechungulia mlangoni. Lakini sarafu ya Pac-Man na ya Space Invaders ilinunua jaribio, haikununua ushindi. Mwenye sarafu mia asiyejua kusoma vizuka alishindwa na mtoto mwenye sarafu moja ajuaye. Ujuzi ulibaki mali ya mtu, hauuzwi wala haununuliwi. Dalali wa leo ameuvunja mpaka huo. Diablo Immortal, uliotoka mwaka 2022, ulilaumiwa sehemu nyingi duniani kwa kuuza kwa njia ya kubahatisha vitu vyenye kuwaongezea nguvu wanunuzi, wala haukuzinduliwa Ubelgiji na Uholanzi, ambako masanduku ya bahati nasibu yalikuwa yameingia katika mizozo ya sheria za kamari.

Jambo hili si la mbali. Kijana wa Malindi, wa Lamu au wa Mtwara ambaye hana mashine ya nyumbani ana simu, na katika simu ndimo alimokaa dalali. Shilingi anayoitoa ni ya bando au ya nauli. Zaidi ya shilingi, anapokonywa lile jambo moja ambalo mchezo ungeweza kumpa bure: kujua kwamba jana hakuweza, na leo, kwa kutazama na kufikiri kwake mwenyewe, ameweza. Wazazi wanaolaani michezo yote kwa pamoja wangefanya vyema wakatofautisha. Mtoto anayerudi mara thelathini kwa adui mmoja, akijadiliana na wenziwe juu ya ishara za mkono wake wa kushoto, yumo darasani. Mtoto anayenunua upanga ili adui aanguke yumo dukani.

Ushairi wa pwani uliijua tofauti hiyo zamani. Katika utendi wa Fumo Liyongo, uliotungwa na Muhamadi Kijuma wa Lamu mwaka 1913 kutokana na masimulizi ya kale zaidi, sultani wa Pate ana hasimu asiyeshindika. Amejaribu nguvu na amejaribu hila, na kila mara Liyongo amemtoka. Liyongo ana siri moja: hafi ila kwa sindano ya shaba ya kitovuni. Sultani hakuipata siri hiyo kwa kumsoma hasimu wake wala kwa ushujaa wake. Aliinunua. Alimghuri mwana wa Liyongo kwa ahadi za makuu, na mwana akamchoma babake usingizini. Shujaa akainuka na uta wake, akapiga goti kisimani, mshale ukiwa umeelekezwa, na roho ikamtoka hali yuko vivyo hivyo. Watu wa mji wakakaa bila ya maji, wakimwogopa maiti wakidhani yu hai. Huo ndio ushindi wa kununua: adui amekufa, na mshindi hathubutu kwenda kisimani.

Watengenezaji wa michezo, na wamo sasa vijana wa Afrika Mashariki wanaoandika programu kwa majina na hadithi za huku, wanadaiwa kitu kimoja. Wasiulizwe adui wao ni mgumu kiasi gani. Waulizwe: mchezaji aliyeshindwa naye amejua kwa nini ameshindwa? Kama amejua, na awe mgumu kama mwamba wa Fumba, watu watamrudia. Kama hakujua, na awe laini kama kaimati, hatarudiwa ila na mwenye kulipa.